Zabibu zilistawi, ubwiri unga ukazila

Mbukwenyi! Juzi msomaji wa Hombolo, hapa Dodoma, kanitumia picha ya shamba lake la zabibu: majani mapana, kijani kimekoza, na juu yake vumbi jeupe kama limepitiwa na unga wa sembe. Anauliza, "Kaka, naihudumia vizuri, mbona inaugua?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Picha ile ningeweza kuipiga mimi.

Nina ekari moja ya zabibu kule Mpunguzi. Mwaka jana, nilipomaliza kupogoa Novemba, muuza pembejeo mmoja akaniambia nisiogope mbolea ya urea. Sikuogopa. Machipukizi yalikimbia yakafunika nyaya, ndani kukawa kivuli kitupu. Majirani wakaja kushangaa, nami nikatupia picha mtandaoni (nimeshazifuta). Punje hazijafika hata ukubwa wa njegere, ubwiri unga, yaani kuvu wa lile vumbi jeupe, ukaingia. Zikapasuka zikiwa mbichi, kwa sababu ngozi iliyoliwa na kuvu haitanuki tena. Mnunuzi alikagua safu mbili, akawasha pikipiki yake. Yule wa pembejeo mpaka leo hapokei simu zangu, na sijamsamehe.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Mmea unagawa chakula kilekile kati ya kukua na kujilinda. Urea ni naitrojeni asilimia 46. Ukiimwaga, mmea unakazana kurefuka, unatoa majani laini yenye ngozi nyembamba, na kuvu huyu anapenda hasa kilicho kichanga. Kinga nayo ina umri. Punje ya zabibu hushikwa kirahisi tangu maua mpaka wiki tatu au nne baada ya kutunga. Ikishapita hapo, ugonjwa mpya unaipata kwa shida sana. Mimi nilianza kupiga salfa, dawa ya kuvu, wakati dirisha hilo limeshafungwa. Nilikuwa nazika, sitibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, gawa urea kidogo kidogo. Punguza machipukizi, hewa ipite. Salfa ianze mapema, tena asubuhi, maana jua la saa saba la Dodoma ukichanganya na salfa majani yanaungua. Na urea gawa, narudia! Vijana wenzangu, tuache kulimia macho ya watu. Mnunuzi hapimi majani kwenye mizani.

Msimu huu nimeweka samadi ya ng'ombe na urea kiasi. Shamba limekaa wastani tu, nyaya zinaonekana. Jana jirani kaniuliza kwa huruma kama nimeishiwa hela ya mbolea.