Jibu: Al Wakra hadi West Bay bila gari

Salaam ndugu. Umeuliza utafikaje kazini West Bay, eneo la maofisi la Doha, Qatar, kila siku kutoka Al Wakra, mji ulio kusini mwa Doha, maana teksi inakumalizia mshahara. Njia hiyo nimeipita miaka miwili. Kwanza pima umbali wa chumba chako hadi kituo cha metro. Treni yenyewe haina shida: Laini Nyekundu inakufikisha moja kwa moja, nauli riyali 2, na kadi ya kawaida haikukati zaidi ya 6 kwa siku. Balaa ni kile kipande cha mwisho. Barabara za Doha zilijengewa magari. Julai, kilomita moja kwa mguu unafika umelowa chapachapa. Ulizia Metrolink, mabasi ya bure ya kwenda na kutoka vituoni. Zamu ya usiku sijawahi kufanya, waliofanya wakujibu.