Ikwalaiza yangu inakula umeme mwingi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo, mhandisi. Nasoma uhandisi wa elektroniki, mwaka wa nne, hapa Mbeya. Mradi wangu ni ikwalaiza ya upande wa kupokea (saketi inayosawazisha ishara iliyofifishwa na kebo), gigabiti 5 kwa sekunde kama USB 3.0, kwa SKY130, teknolojia huria ya chipu ya nanomita 130, na volti 1.8. Kebo pamoja na bodi vinapoteza desibeli 12 kwenye gigahezi 2.5. Nimeunganisha hatua mbili. Kila moja inavuta miliampea 5 na ina rezista za mzigo za omu 100. Jumla miliwati 18. Msimamizi anataka zisizidi 7.5. Nikipunguza mkondo, jicho (uwazi kwenye mchoro wa biti zilizolazwa moja juu ya nyingine) linafumba. Napima kwa PRBS31 (mfululizo wa biti za majaribio unaofanana na wa kubahatisha), na mtumaji wangu ni chanzo cha kawaida cha volteji. Je, niziondoe hatua zote mbili nitumie DFE (ikwalaiza inayotumia biti zilizokwisha kuamuliwa) peke yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenipa namba, na ndiyo maana naweza kukujibu.

Mkondo uache kwanza. Tazama kazi uliyoipa saketi yako, kwa sababu ni kubwa kuliko ile USB 3.0 inayodai. Mtumaji halisi wa USB 3.0 hatumi biti zote kwa kimo kimoja. Biti inayobadilika huenda na kimo kamili, zinazojirudia baada yake hushushwa kwa desibeli 3.5. Sehemu ya hasara ya kebo imeshalipwa kabla ishara haijakufikia, lakini chanzo chako hakifanyi hivyo. Kirekebishe, na utabaki na takriban desibeli 8.5 za kusawazisha.

PRBS31 nayo inakuonea. Ndani yake mna moja 31 zinazofuatana, ilhali usimbaji wa 8b/10b wa USB 3.0 (kila biti 8 hutumwa kama 10) hauruhusu biti zaidi ya 5 zinazofanana kwa mfululizo. Tumia PRBS7. Bado ni kali kuliko hali halisi, ila si kwa kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe. Saketi ya namna yako huvuta mkondo muda wote, data ipite isipite. Kwa omu 100, ili ufike gigahezi 4 za upana wa masafa, nodi yako ya kutokea lazima iwe na femtofaradi 400 hivi. Hizo ni nyingi mno. Zinatoka wapi? Kwa kawaida ni geti za hatua inayofuata, ambazo mtu amezipanua akitafuta nguvu, pamoja na waya mrefu kati ya hatua na hatua. Zipunguze ziwe 200, upana wa transista uwe nusu, rezista ziwe omu 200, mkondo miliampea 2.5. Ukuzaji ni uleule, kimo kilekile, upana wa masafa uleule. Umeshafika miliwati 9 bila kupoteza chochote isipokuwa kelele kuongezeka kwa kama asilimia 40, na kwa ishara ya makumi ya milivolti unaweza kuivumilia. Waya lakini haupungui kwa kupunguza transista. Sogeza hatua zako zikaribiane kwenye mchoro wa chipu. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteza miliwati zao, na hakuna mlinganyo wa darasani utakaokuonyesha.

Tamaa ya kusukuma nguvu zaidi kwenye njia inayopoteza ishara ni ya zamani. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka Atlantiki ilikuwa inafifisha ishara vilevile, na Wildman Whitehouse akaipiga kwa volti zipatazo 2,000. Kebo ilikufa ndani ya wiki chache. William Thomson yeye alikuwa ametengeneza kipokezi chepesi kinachosoma mkondo mdogo sana. Mimi niko upande wa Thomson.

Kuhusu DFE peke yake: hapana. DFE huondoa mabaki ya biti zilizokwisha kuamuliwa, na uzuri wake ni kwamba haikuzi kelele wala ishara zinazovuja kutoka nyaya jirani. Lakini biti iliyotandazwa na kebo humwagika hata kwenye nafasi ya biti iliyotangulia, na huko DFE haifiki. Baki na hatua moja, miliwati 4.5, uongeze DFE ya tapu moja, yaani inayoondoa mabaki ya biti moja tu iliyopita. Una miliwati 3 za kuijenga. Hata kipokezi cha mfano cha PCIe 3.0 (njia ya data ndani ya kompyuta) ya mwaka 2010 kiliunganisha hivyo hivyo: ikwalaiza moja ya kawaida (linear) na DFE ya tapu moja.

Ugumu wake ni muda. Una pikosekunde 200 tu za kuamua biti na kutoa mabaki yake kabla ya inayofuata, na kwa nanomita 130 utabanwa. Weka viamuzi viwili, kimoja kikichukulia kuwa biti iliyopita ilikuwa 0, kingine 1, kisha uchague jibu ukishaijua. Vijenge kwa lachi za StrongARM, aina ya saketi ya kuamua biti. Zenyewe hazivuti mkondo wa kudumu, hutumia umeme saa inapopiga tu.

Kabla hujampelekea msimamizi, endesha ngspice (programu ya kuigiza saketi) kwenye kona ya transista nzito, yaani zilizotoka kiwandani zikiwa za polepole, nyuzi 85 za Selsiasi, volti 1.62. Jicho likibaki wazi hapo, punguza mkondo kidogo kidogo mpaka lianze kufumba, halafu urudishe kidogo.