Manukato matamu kwenye baridi: koti na skafu usiviguse

Hiyo chupa iweke chini kwanza. Mleta uzi, unasema umenunua Angel, yale manukato matamu ya Mugler, kwa ajili ya baridi, umeambiwa upulizie mara nane na nyingi ziende kwenye koti na skafu kwa sababu "baridi inaua harufu", chini upake losheni ya vanila, na wiki ijayo unaanza mafunzo ya ndani, siku nzima. Halafu unauliza kama inamfaa mwanaume, ipi nyingine ya kujaribu, na chupa uiweke wapi isiharibike. Mimi nilipofika kwenye koti na skafu sikuendelea tena na maswali mengine.

Ushauri huo nilipewa na mimi, karibu neno kwa neno, na muuzaji aliyejiita mtaalamu. Manukato yenyewe yalikuwa ya jamii hiyo hiyo: karameli, vanila, chokoleti kwa mbali. Akaniambia ngozi kwenye baridi haibebi kitu, nguo ndizo zinazobeba, na nikiwa sijisikii niongeze. Nikafanya hivyo siku ya usaili wa kazi niliyoiwinda muda mrefu. Koti la sufu, kola yake rangi ya krimu, nikailowesha. Skafu nayo nikailowesha. Njiani baridi inakata masikio, najinusa, sisikii kitu. Kabla ya kupanda ngazi nikaongeza tena kwenye skafu.

Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa, hita inawaka tangu asubuhi. Wasaili watatu, meza moja. Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha mama aliyekaa katikati akasogeza kiti nyuma. Akaanza kujipepea kwa faili langu, lile lenye vyeti vyangu. Mwenzake wa kulia akavua miwani, akawa anajifuta machozi. Mwishowe yule mama akainuka mwenyewe akafungua dirisha, baridi yote ile ikaingia, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walipendelea baridi. Maswali yakafupishwa, nikawa naeleza uzoefu wangu kwa watu wanaotazama dirishani. Kazi sikuipata. Huenda zilikuwepo sababu nyingine, ila mtu anayetafuta pumzi hawezi kukusikiliza.

Koti nalo halikupona. Baada ya muda kola ikaanza kuota doa la kahawia. Hili muuzaji hakulitaja hata kidogo, na mtu anayeuza vitu vya vanila kila siku hawezi kusema halijui. Vanilini, ile inayotoa harufu ya vanila, hugeuka kahawia inapokaa kwenye hewa na mwanga. Ndiyo maana manukato mengi ya vanila kimiminika chake huzidi kukolea rangi kadiri chupa inavyokaa. Kwenye ngozi utaoga, yataisha. Kwenye sufu ya rangi nyepesi maji yameshamwagika. Dobi alilifua, doa likafifia lakini halikutoka. Harufu ndiyo kabisa: nje koti linatulia, nikiingia penye joto linaanza upya, na hapo sijapulizia chochote siku hiyo.

Nina hasira na watu hawa mpaka leo. Anayekwambia upulizie mara nane hatakaa na wewe kwenye hicho chumba, na chupa ikiisha upesi anayefurahi ni yeye. Hawa wa video nao, wanaopuliza wingu zima hewani kisha wanapita katikati yake huku wanazungusha skafu: kwenye kamera wanapendeza sana, lakini kamera haina pua. Utasikia pia wanasema harufu nzuri haizidi. Asali nayo ni nzuri, nani anaioga?

Sasa sikiliza kinachotokea, kwa sababu nusu ya maneno yao ni kweli na hapo ndipo wanapokunasa. Harufu ni chembe zinazopaa kutoka kwenye ngozi au nguo mpaka puani. Joto huzipaisha, baridi huzizuia. Kwa hiyo ni kweli kwamba nje kwenye baridi manukato yananyamaza, na pua yako nayo, ikikauka na kupoa, inanusa vibaya zaidi. Ila kunyamaza si kufa. Ulichopulizia kwenye koti hakijaenda popote. Kimekaa pale kwenye nyuzi kinasubiri joto, na ukiingia ndani kinapaa kwa pamoja, vyote ulivyopulizia asubuhi na vyote ulivyoongeza njiani.

Manukato matamu ndiyo mabaya zaidi kwa hili. Ya limau na chungwa yanapaa haraka, ukikosea kipimo baada ya muda mfupi yamepungua. Lakini vanila, tonka (mbegu yenye harufu inayokaribia vanila), ile harufu ya sukari iliyoungua, hizi ni chembe zinazopaa polepole sana. Zinakaa saa nyingi mwilini, na kwenye sufu zinakaa siku kadhaa. Hiyo Angel unayoishika, iliyotoka mwaka 1992 na kazi yake kubwa ikafanywa na mtunzi wa manukato Olivier Cresp, ilijijengea jina kwa kutia etili maltoli, yaani harufu ya sukari iliyoyeyushwa kwa pipi, kwa kiasi ambacho watu hawakukizoea. Chini yake imewekewa pachuli nyingi, mafuta ya majani yenye harufu nzito ya udongo, uchungu wa kukata ule utamu. Ni kazi ya ustadi na mimi naipenda. Lakini pachuli nayo ni mkaidi, haiondoki. Huo mchanganyiko haukutengenezwa ulowekewe kwenye skafu.

Na hili la "sijisikii, ngoja niongeze" ndilo linalowaua wengi. Pua huzoea. Dakika chache tu ukikaa na harufu moja, ubongo unaacha kukuletea habari zake, wakati anayeingia kutoka nje anaipata yote usoni. Skafu ndiyo kabisa, maana iko chini ya pua yako muda wote, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuacha kuisikia. Pua yako mwenyewe haiwezi kukupa ushahidi. Muulize mtu.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja tu, na ningeomba uishike hata kama mengine yote utayatupa: pima kwa chumba unachokwenda kukaa, usipime kwa baridi ya njiani. Njia ni dakika chache, chumba ni saa nzima au siku nzima, na watu wa humo hawana pa kukimbilia. Ukienda kutembea nje jioni nzima, ongeza kidogo, hamna neno. Ukienda kukaa darasani na hita imewashwa, huo ni msimu wa joto, haijalishi nje kuna nini.

Kwa mafunzo yako, pulizia mara moja, nyingi sana mbili, kwenye ngozi ya kifua au tumbo, chini ya nguo, kama nusu saa kabla ya kutoka. Acha ikauke ndipo uvae. Nguo zitaizuia isitoke yote kwa mkupuo, na joto la mwili litaitoa kidogo kidogo. Anayekukaribia ataipata, aliyekaa meza ya tatu ataendelea na kazi zake. Shingoni usiweke kama utavaa skafu, maana itahamia humo humo. Losheni paka isiyo na harufu, kwa sababu ngozi kavu ya baridi haishiki manukato vizuri na unyevu ndio unaosaidia. Ile ya vanila ukiiweka chini ya Angel unakuwa umejipulizia mara ya pili bila kujua.

Kabla ya siku yenyewe, jaribu ukiwa umejifungia chumba chenye joto. Kaa humo saa moja, kisha mwite mtu aliyekuwa nje aingie, umtazame uso kabla hajasema neno. Mdomo unaweza kukusitiri kwa adabu, uso hauwahi.

Na kama hiyo skafu umeshaipulizia, usiende nayo. Ifue kama inafulika, au itundike penye upepo mpaka mtu mwingine akwambie imeisha. Koti lako ni la rangi gani, na umeshaligusa?