Wale wahiloti 35,000 wa Plataea: wapagazi au wapiganaji?

SWALI: Nafundisha historia. Video moja inadai Wasparta hawakuthubutu kuwapa silaha wahiloti, yaani watu waliowatumikisha kama watumwa, kwa hiyo wale 35,000 waliokwenda Plataea mwaka 479 KK, Wagiriki walipopigana na Waajemi, walikuwa wapagazi tu. Nyingine inawaita wapeltasti, askari wepesi wa kurusha mikuki. Niwaambie nini wanafunzi?

JIBU: Mwalimu, zitupe zote mbili.

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyesimulia vita hivyo, anasema kila Msparta alikuwa na wahiloti saba, na kila mmoja wao alikuwa tayari kwa vita. Mizigo walibeba, ndiyo. Lakini baada ya vita wahiloti walichimbiwa kaburi lao wenyewe, lililotengwa na makaburi ya mabwana zao, yaani nao walikufa vitani.

Hili la upeltasti ndilo linalonichosha, maana nalikuta kila wiki. Mpeltasti kapata jina kutokana na pelte, ngao nyepesi ya Wathrakia, mara nyingi yenye umbo la mwezi mchanga, ya fito zilizosukwa na kufunikwa ngozi ya mbuzi au kondoo. Sifa zake kubwa zilikuja mwaka 390 KK, pale wapeltasti wa Iphicrates, jemadari wa Athene, walipokisambaratisha kikosi cha Sparta cha watu kama 600 karibu na Lechaeum, bandari ya Korintho. Walirusha mikuki na kukimbia, wakarudi tena, na wenye ngao nzito wakashindwa kuwakamata. Wale walikuwa askari wa kulipwa waliofunzwa kazi hiyo. Mhiloti wa Plataea Wagiriki wangemwita psilos, yaani mtupu, asiye na kinga. Watu wa namna hiyo walitumia mikuki ya kurusha, makombeo, au mawe yaliyookotwa palepale.

Upinde je? Waajemi walipowamiminia Wasparta mishale, Pausanias, kamanda wa Wasparta, alimtuma mpanda farasi kwa Waathene kuomba angalau wapiga mishale. Ana watu wa silaha nyepesi 35,000 pembeni, na bado anaazima pinde!

Hiyo 35,000 yenyewe usiifundishe kama vile kuna mtu aliyesimama akawahesabu. Ni Wasparta 5,000 mara saba. Mahopliti wote wa Wagiriki, yaani askari wa miguu wenye ngao nzito, kwa Herodotus ni 38,700. Toa Wasparta 5,000, wanabaki 33,700. Kwa hao anawapa watu wepesi 34,500, "karibu mmoja kwa kila mtu". Wamezidi 800, na Athene ilikuwa na wapiga mishale wake. Huenda ndio hao. Kwa vyovyote, hii ni hesabu ya kuzidisha, na anayekuchorea wahiloti safu saba nyuma ya kila Msparta anachora jedwali la kuzidisha.

Na hilo la "hawakuthubutu"? Mwaka 424 KK Brasidas, jemadari wa Sparta, alikwenda kaskazini na wahiloti 700 waliovaa kama mahopliti, na waliorudi wakapewa uhuru. Mji wa Thebes ulipovamia Laconia, nchi ya Wasparta, majira ya baridi ya 370/369 KK, Sparta iliahidi uhuru kwa mhiloti atakayeshika silaha, wakajiandikisha zaidi ya 6,000, hata Wasparta wenyewe wakaogopa wingi wao. Mwanahistoria Thucydides anasimulia pia wahiloti kama 2,000 waliochaguliwa kwa ushujaa wao, wakavishwa mataji, kisha wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawa vipi. Walikuwa wanawaogopa watu wanaowahitaji.

Kwa hiyo, mtu yeyote akikuletea picha ya mhiloti mwenye ngao ya mwezi mchanga, muulize kaitoa kwa mwandishi gani, wa mwaka upi. Wengi watakutajia filamu.