Mikoko haikubali kila ufukwe

Mkuu, umesema tupande mikoko mbele ya soko la samaki Bagamoyo ili bahari isile ufukwe. Hapana, haitazuia. Mawimbi yataing'oa kabla haijashika. Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia, ndiyo maana imestawi mdomo wa mto Ruvu na kule Kaole, jirani na Bagamoyo. Nimeshiriki kupanda mara mbili. Kwenye mchanga mtupu tulipoteza karibu yote (na mbele kabisa tulichomeka ile aina inayoitwa mkoko hasa, mahali ambapo kwa kawaida hutangulia aina nyingine, mlilana, kosa letu). Pale penye bahari wazi, cha maana ni kutojenga karibu na maji na kuacha kuchota mchanga. Ukuta wa kuzuia bahari nao unasaidia pale ulipojengwa, ila mara nyingi unamhamishia jirani mmomonyoko.