Wazee wenzangu, msifichane: tuliyojifunza mimi na mume wangu mwaka huu wa korona, 2020

Sikukuu hii tumebaki wawili tu, mimi na mzee wangu, na kwa miaka yote 43 ya ndoa haijawahi kutokea. Watoto walitaka kuja, tukawaambia hapana, tena tuliwaambia wiki 3 kabla, maana nimeona wenzetu wanasema "tutaona, tutaona" mpaka mtoto kashakata tiketi na hapo kukataa kunageuka ugomvi. Kama hamtaki wageni kwa ajili ya afya semeni mapema, na semeni wenyewe.

Ila nilichotaka kuwaandikia hasa ni hili la kufichana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) walipotangaza korona ni janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, mzee wangu ana miaka 74 mimi 69, na kila ukifungua redio unasikia wazee ndo wanaoondoka. Basi kila mmoja akaanza kumlinda mwenzake kwa kunyamaza. Mimi nafuta meseji za misiba asizione, yeye anazima redio nikiingia. Nyumba moja, siku nzima, hamna la maana tunaloongea. Mwezi wa tano akafariki rafiki yake wa tangu ujana, aliyetusimamia kwenye harusi yetu, na mimi nikakaa na hiyo habari moyoni nikidhani ndo upendo.

Agosti, jioni moja, anajichua magoti na ile dawa yake kali, mimi niko mlangoni na harufu inanitoa machozi, namwambia baba leo umezidisha, akaniuliza, harufu gani? Nikashtuka, maana hiyo ni dalili ya korona, nikamuuliza tangu lini husikii harufu, akasema tangu juzi mama, sikutaka kukutia hofu. Siku mbili tumelala kitanda kimoja! Nililia sana, na sio kwa ajili ya ugonjwa, nililia kwa zile siku mbili.

Alipopimwa akakutwa nayo. Tukatengana vyumba, madirisha wazi, barakoa, siku 10 tangu dalili zianze na 3 zaidi bila dalili, ndivyo walivyoshauri mwaka 2020. Daktari alitufuatilia kwa simu, tukanunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, akasema ikishuka chini ya asilimia 94 nipige hapohapo usiku au mchana. Na hili mlishike jamani, oksijeni inaweza kushuka na mtu asihisi hata kukosa pumzi, kwahiyo usiishie kumuuliza "unajisikiaje", hasa kama ni mume ambaye jibu lake siku zote ni "mzima tu". Mpime. Mimi sikuambukizwa, namshukuru Mungu.

Alipopona ndo nikamwambia habari za rafiki yake. Alikaa kimya muda mrefu alafu akasema, mama, umeninyima kumlilia. Sina cha kujitetea, nilikosea, na yale maneno bado yananiuma mpaka leo.

Tangu hapo kila jioni kabla ya kulala tunakaa, simu mbali, kila mmoja anasema kitu kimoja alichokua anakificha. Mwanzoni ni kazi, unatafuta maneno huyaoni, na usikimbilie kumwambia mwenzio "usiogope", msikilize tu mpaka amalize. Tarehe 8 Desemba tumeona kwenye taarifa ya habari yule bibi wa Uingereza, Margaret Keenan, miaka 90, anachomwa chanjo ya korona kule Coventry, wa kwanza kwao nje ya majaribio, mimi nikafurahi sana, kumbe yeye usiku akaniambia anaogopa atakufa kabla zamu yetu haijafika. Yani bila kile kikao nisingejua, ningeendelea kufurahi peke yangu.

Siku ya sikukuu wajukuu walipiga simu ya vidio, wakaimba, picha ikawa inakatika katika, tukacheka. Walipokata nyumba ikawa kimya. Mzee akaanza yeye, akasema magoti yanamuuma kuliko anavyosemaga. Leo ni zamu yangu, na nina la kumwambia kuhusu macho yangu.