Sikiliza sehemu moja, viongozi wawili

Ndugu, unasema kila siku unasikiliza Simfonia ya Tano ya Beethoven, leo kiongozi huyu wa okestra, kesho yule, na bado unaona zote ni zilezile. Nadhani unajibebesha mengi. Chukua sehemu ya kwanza tu, dakika saba au nane hivi, na ukae wiki nzima na watu wawili: Carlos Kleiber akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic (1974), kisha Otto Klemperer akiongoza ile ya Philharmonia.

Anza na zile noti nne za mwanzo. Ya nne ina alama ya kushikiliwa, lakini Beethoven hakuandika ishikiliwe muda gani, kwa hiyo kila kiongozi anaamua mwenyewe. Kleiber anakimbia kama anayefukuzwa. Klemperer ni mzito, hana haraka na mtu. Beethoven aliweka kasi ya mapigo 108 kwa dakika kwenye metronomu, kile chombo cha kupimia kasi ya muziki, na wengi hawakuithubutu. Kiongozi mwingine, John Eliot Gardiner, kwa ala za mtindo wa enzi ile, anaikaribia.

Halafu ingoje oboi, ala ile nyembamba ya kupuliza. Baada ya ule mwanzo kurudi, okestra yote inanyamaza na oboi inabaki peke yake. Je, mpigaji anaachiwa apumue, au anaharakishwa?

Usilinganishe kwa dakika pekee, maana wengine huruka marudio, yaani kipande kilichoandikwa kipigwe mara mbili. Na usawazishe sauti kwanza: rekodi yenye sauti kubwa zaidi hudanganya sikio. Rekodi za zamani za kiongozi Furtwängler, zenye mikwaruzo, ziache kwa sasa, ingawa mimi ndizo nizipendazo zaidi.